Ninamilikiwa, Nina Mamlaka

Ukizisoma haraka, sentensi hizo mbili zinafanana kama mapacha waliovalishwa nguo tofauti. "Ninafunika kichwa kuwa dalili kwamba ninamilikiwa." "Ninafunika kichwa kuwa dalili kwamba nina mamlaka." Ya kwanza ndiyo aliyoiandika Mzee. Ya pili ndiyo iliyotoka kiwandani, nakala elfu moja za kijitabu chake, zimekunjwa, zimebanwa pini na kufungwa kwa kamba mafungu ya hamsini hamsini.

Nukta hakuwa ameandika hata moja kati ya hizo. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na jina hilo alibandikwa na wapiga chapa kwa sababu katika miaka sita hapakuwa na nukta iliyowahi kumponyoka. Kijitabu cha mafundisho ya maarusi kilipofika mezani kwake, alipiga mstari mwembamba wa penseli chini ya "ninamilikiwa", na pembeni akaandika: "Nina mamlaka?" Alama ya kuuliza ilikuwapo, imekamilika, na kitone chake chini. Katika kazi yao, maneno yenye alama ya kuuliza pembeni si sahihisho. Ni swali kwa mwandishi. Mpangaji kurasa halijibu. Hulirudisha kwa mwenyewe, mwenyewe akaamua.

Mpangaji kurasa hakulirudisha. Alilipachika mahali pa neno la mwandishi.

Tena mpangaji kurasa huyo alikuwa mchumba wake Nukta, na mwandishi wa kijitabu alikuwa baba wa mchumba.

Jambo lilijulikana Jumatano, akina mama wa kanisa walipokaa kujifunza kijitabu kipya. Msomaji alipofika ukurasa wa kumi na nne, vichwa viliinuka. Kisha bibi mmoja aliyeegemea ukuta, ambaye kwa kawaida husinzia kuanzia sala ya kufungua hadi ya kufunga, akaomba mstari huo urudiwe. Ukarudiwa. Akaomba tena. Mwenyekiti wa akina mama, ambaye ndiye mama wa mchumba, alifunga mkutano kabla ya saa yake na kwenda nyumbani ameshika kijitabu kama mtu aliyemshika panya mkiani.

Sasa ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, na wachumba wawili walikuwa njiani kwenda kwa wazazi. Jumapili tangazo la tatu la ndoa yao lingesomwa kanisani. Mzee, yule baba wa mchumba, alikuwa mzee wa kanisa na ndiye aliyetunza karatasi ya matangazo. Alikuwa ametuma ujumbe mfupi: kabla ya Jumapili msahihishaji aje atie saini kikaratasi cha masahihisho, kitakachobandikwa ndani ya kila nakala. Pasipo saini, hakuna tangazo.

"Sema tu ni kosa la chapa," mchumba alisema. Watu walimwita Mpole tangu shuleni, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, jambo ambalo lenyewe lilikuwa ushahidi.

"La chapa ipi? Mashine iliamka asubuhi ikachoshwa na neno?"

"Watu wanaelewa. Kosa la chapa halina mwenyewe."

"Ndiyo maana silipendi."

Mpole akacheka kidogo, akamtazama kwa lile jicho lake la pembeni. Nukta alimpenda kwa sababu alizozijua na ambazo angeweza kuzitaja moja baada ya nyingine. Alipenda vidole vyake vilivyonuka gundi. Alipenda jinsi alivyoweza kusoma ukurasa uliopinduliwa juu chini bila kuugeuza. Zaidi alipenda jinsi alivyomtazama, kwa raha ile ya mtu aliyefika mwisho wa ukurasa asione la kurekebisha. Katika maisha yake ya kutafuta makosa, kutazamwa hivyo kulikuwa mapumziko.

Lakini tangu Jumatano alikuwa akingoja jambo moja tu. Mpole alikuwa amemwahidi kwamba atamwambia baba yake ukweli: kwamba Nukta aliuliza tu, na ni yeye aliyebadili. Jumatano jioni Mzee alikuwa na wageni. Alhamisi alikuwa na maumivu ya kichwa. Ijumaa asubuhi, Mpole alieleza, mama yake alikuwa karibu, na haikufaa.

"Mimi sitakutaja," Nukta akamwambia walipofika getini. "Utajitaja mwenyewe. Leo."

"Leo," akasema Mpole, na kumshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho.

Mama aliwapokea mlangoni. Nukta akamwamkia kwa heshima, akaitikiwa, na jicho la Mama likapanda moja kwa moja kichwani kwake. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimekunjwa sawasawa na kufungwa kisogoni. Nukta alikuwa akifunika kichwa kanisani tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumlazimisha; leo alikuwa amejifunika kwa kuwa alijua Maandiko yatafunguliwa. Mama alitafuta kasoro asiione, na kukosa huko kukamkera kidogo.

Sebule ilikuwa na viti vilivyotandikwa vitambaa vya kufuma, rafu ya vitabu iliyopinda katikati kwa uzito, na meza ambayo juu yake palikuwa na vitu vitatu tu: kijitabu, kalamu na kikaratasi. Kikaratasi kilisomeka: "Kosa la chapa. Ukurasa wa 14, mstari wa 9. Badala ya 'nina mamlaka', soma 'ninamilikiwa'." Chini palikuwa na mstari mtupu, na chini ya mstari: "Msahihishaji."

Mzee hakupaza sauti. Alikuwa mwalimu mstaafu wa lugha, na watu wa namna hiyo hukasirika kwa kushusha sauti. Akauliza swali moja: tangu lini msahihishaji wa kiwandani akamsahihisha mtume Paulo?

Nukta akajibu kwamba hakuwa na ugomvi na mtume, alikuwa na shaka na tafsiri. Akaomba ruhusa aeleze, akapewa. Akasema kwamba katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya kumi na moja, pale mwanamke anapoambiwa awe na kitu kichwani kwa ajili ya malaika, neno la Kiyunani ni mamlaka. Neno "dalili" halimo. Liliongezwa na watafsiri ili sentensi ipate pa kukaa. Na mamlaka yakageuzwa, kutoka kwa mtu aliye nayo kwenda kwa mtu aliye chini yake.

"Nani alikufundisha Kiyunani?"

"Sikijui, Mzee. Najua kufungua kamusi."

Mzee akainuka. Akaishusha kamusi yake mwenyewe kutoka kwenye rafu, kitabu kinene ambacho jalada lake lilikuwa limegundishwa zaidi ya mara moja, akaanza kufunua. Alichukua muda. Mama akaona huo ndio wakati wa kuleta chai. Mpole alikuwa akiitazama saa ya ukutani kama mtu anayeisomea mtihani.

"Mamlaka," Mzee akasema hatimaye. "Uwezo. Haki ya kutenda."

"Na katika sura ya tisa neno ni lile lile. Paulo anauliza kama yeye hana haki ya kula na kunywa. Pale hakuna aliyetafsiri kwamba anamilikiwa na chakula."

Mpole alicheka, kisha akaumeza mcheko. Mzee hakucheka, ila alivuta kiti chake karibu na meza, na Nukta akahisi kwa mara ya kwanza tangu aingie kwamba anazungumza na mtu, hashtakiwi.

Wakaendelea hivyo, nao wengine wawili wakisikiliza. Mzee akasema sura haianzi na malaika. Inaanza na mpangilio: Mungu, Kristo, mume, mke, na huwezi kuchomoa tofali moja ukutani ukasema hii ndiyo nyumba. Nukta akakiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na nguvu na hakuwa na jibu lake lote. Lakini akaonyesha kwamba aya chache baadaye mwanamke anasali na kutoa unabii mbele ya watu, na hakuna anayemwambia akae chini. Anaambiwa tu ajifunike anaposema. Mzee akarukia sura ya kumi na nne, wanawake na wanyamaze. Nukta akauliza inawezekanaje kalamu moja impe mtu vazi la kusemea, kisha baada ya sura tatu imzibe mdomo. Ama kilichokatazwa ni kelele ya namna fulani, ama mmoja wetu anasoma vibaya.

Mzee akaifunga kamusi. Kisha akasema amefundisha aya hizo kanisani miaka thelathini, na kila mwaka zimemsumbua. Alisema polepole ili Mama asisikie. Mama alisikia.

"Kumiliki na mamlaka vina mzizi mmoja," Mzee akasema, akirudi kwenye uwanja wake. "Milki, mmiliki, mamlaka. Maneno hayo ni ndugu."

"Ni ndugu, Mzee. Ila mmoja ni mwenye nyumba, mwingine ni nyumba."

Mama akaweka kikombe chini kwa kishindo kidogo. Akasema yeye amefunikwa na kumilikiwa miaka thelathini na mitano na hajafa, na kwamba vijana wa siku hizi wanatafuta mfupa kwenye maziwa. Akamgeukia Nukta na kumwuliza bila hasira, karibu kwa huruma, kama kitambaa kile anakivaa kwa heshima au kwa kiburi.

"Kwa heshima, Mama. Ndiyo maana nataka kujua ninasema nini ninapokivaa."

Mama hakukunja uso.

Mzee akagonga meza kwa kidole. "Hata kama uko sawa, na sijasema uko sawa, maandishi ni yangu. Usiponiuliza umeniibia neno."

"Hilo ni kweli kabisa," akasema Nukta. "Ndiyo maana niliuliza." Akatoa prufu kwenye mkoba, karatasi yenyewe ya kusahihishia yenye penseli yake, akaiweka mbele ya Mzee.

Mzee akaisogeza kwenye mwanga. Aliishika kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji ukurasa mmoja. "Hii ni alama ya kuuliza."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi ni nani aliyejibu kwa niaba yangu?"

Nukta aliitazama mikono yake mwenyewe, maana aliahidi hatamtaja, na kumtazama kungekuwa kumtaja. Akahesabu pumzi zake. Moyoni alimwomba kama mtu anayemsukuma mtoto kutoka nyuma: sema, mpenzi wangu, sentensi moja tu, kisha tutakunywa chai.

"Ni mimi, Baba," Mpole akasema.

Nukta alihisi macho yakimjaa, na angempenda siku hiyo kuliko siku zote, laiti Mpole angeishia hapo.

"Mimi ndiye niliyeliweka," akaendelea, na sauti yake ikaanza kukimbia. "Nukta hakuwa na maana yoyote. Unajua kazi yetu, mtu anaandika andika pembeni. Hata haya anayosema sasa ni kwa sababu umemwuliza. Yeye hana shida na neno lolote, Baba. Kitambaa si huyo amevaa, tena vizuri. Atasaini, na Jumapili mambo yataendelea."

Kila neno lilikusudiwa kumkinga, na kila neno lilimtoa nje ya chumba.

Mama alishusha pumzi ya siku tatu. Alijua, akasema, mkwe wake si mtu wa mabishano. Akaisogeza kalamu upande wa Nukta kwa ncha ya kidole, kwa upendo. Mzee peke yake hakusogea. Alikuwa akimtazama Nukta kwa mshangao, mfano wa mtu aliyekuwa kwenye mazungumzo matamu, akaambiwa aliyekuwa akizungumza naye hayupo.

Nukta akaomba radhi, akasema anahitaji kuongea na Mpole kidogo nje.

Nyuma ya nyumba palikuwa na tangi la maji na kamba ya nguo iliyoanikwa mashuka. Mpole alikuwa na uso wa mtu aliyebeba mzigo mzito na kuutua. Alitaka kumkumbatia. Nukta akarudi nyuma hatua moja, na shuka lililolowa likamgusa bega.

"Nimesema," akasema Mpole. "Si ulitaka niseme?"

"Nilitaka useme ulichofanya wewe. Nani alikutuma useme ninachofikiri mimi?"

"Nimekuokoa."

"Sikuwa ninazama. Nilikuwa nafanya mazungumzo na baba yako."

Mpole akatikisa kichwa, akacheka kwa uchovu. Akaeleza, kwa subira ile ile iliyowahi kumvutia Nukta, kwamba Mzee ni mtu mzima, hawezi kubadilika, na kwamba neno ni neno tu. Wakishaoana watakuwa na nyumba yao. Humo Nukta atafunika au hatafunika, atasema mamlaka au atasema chochote, wala yeye hatamzuia hata siku moja.

"Utaniruhusu," akasema Nukta.

"Ndiyo, nitakuruhusu. Kila kitu."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Hakusikia alichosema, na Nukta aliona kwamba hakusikia, na hilo likamuuma kuliko kama angesema kwa ubaya.

Akamwuliza polepole, kama anavyomwuliza mwandishi ambaye sentensi yake ina njia mbili. Siku ile alipokuwa na ukurasa wa kumi na nne mbele yake, alipofuta neno moja na kuweka jingine, aliamini nini?

"Nilijua utafurahi."

"Na kama ningeandika kinyume chake?"

"Ningeweka kinyume chake."

"Kwa hiyo wewe mwenyewe huna jibu. Unaona ninamilikiwa, au unaona nina mamlaka?"

"Mimi nakupenda."

"Sijauliza hilo."

"Lakini ndilo ninalolijua, Nukta." Sauti yake ilikatika, na kwa dakika moja alikuwa mzuri mno, amesimama kati ya mashuka, mikono wazi. "Nakupenda. Ukisema twende kushoto, kushoto. Baba akisema kulia, ninamwambia ndiyo, halafu tunaenda kushoto kimya kimya. Mbona tumefika mpaka hapa hivyo?"

Ilikuwa kweli. Walifika mpaka hapo hivyo. Nukta akakumbuka mara zote alizodhani wamekubaliana, na katika kila moja hakuweza kukumbuka Mpole amesema nini. Alitaka kumshika uso na kumtikisa. Alitaka pia kuegemea kifua chake na kulia, na hasira yake ilikuwa kubwa kwa sababu alitaka yote mawili.

"Mwanaume anayesema ninamilikiwa naweza kubishana naye," akasema. "Nimebishana naye saa nzima na nimetoka mzima. Wewe nitabishana na nini?"

Shuka lilipepea kati yao na kutulia.

Nukta akarudi sebuleni peke yake. Kalamu ilikuwa pale pale. Akabaki amesimama.

"Mzee, samahani. Sitasaini, kwa kuwa hapakuwa na kosa la chapa. Kama unataka kikaratasi kiandikwe upya, kiseme ukweli: kwamba swali liliulizwa na mwandishi hakupewa nafasi ya kulijibu. Hicho nitakisaini leo hii. Neno ni lako, rudisha lile la kwanza ukiona ndilo. Ila tangazo la tatu naomba lisisomwe."

Mama akasema kadi zimeshagawiwa. Alisema kwa sauti ndogo sana, kwanza kwa Nukta, kisha kwa mumewe, kisha kwa rafu ya vitabu.

"Ni kwa sababu yangu?" Mzee akauliza. "Kwa sababu ya neno langu?"

"Hapana, Mzee. Wewe umenijibu. Huenda umekosea, huenda nimekosea mimi, lakini umefungua kamusi ukanijibu. Bwana harusi bado hajanijibu."

Mpole alikuwa amefika mlangoni. Baba yake akamtazama muda mrefu, na katika jicho lake hapakuwa na ukali, palikuwa na jambo gumu zaidi kwa mwana kuliona.

"Umeulizwa nini?" akasema.

Mpole akafumbua mdomo. Akamtazama baba yake, akamtazama mama yake, akamtazama Nukta, akitafuta katika nyuso zote tatu ni jibu lipi lingewaridhisha wote. Halikuwamo. Akaufumba.

Mzee akaichukua karatasi ya matangazo, akaikunja mara mbili na kuiweka ndani ya kamusi. Kisha akamwambia Nukta kitu ambacho hakumwambia mtu mwingine yeyote siku hiyo: kwamba aya ile ya kumi, ya malaika, ataisoma upya, na kama ana muda aje wiki ijayo, kwa ajili ya aya, si kwa ajili ya harusi. Nukta akasema atakuja. Akamuaga Mama, ambaye alimshika mkono akasahau kuuachia.

Mpole alimfuata hadi getini. Hakumzuia, hakuwa mtu wa kuzuia. Jua lilikuwa bado kali barabarani, na watu wa jirani walikuwa wameketi nje wakiwatazama bila kujificha.

"Sasa Jumapili watu wakiniuliza," akasema, "niwaambie nini?"

Nukta alimtazama mara moja zaidi, vidole vile, macho yale, na hakupata la kurekebisha.

"Waambie umeulizwa swali," akasema, akashika njia.